Kaburi Lisilo na Mtani

Tabora, 4 Juni 2023

Mdogo wangu Gerson,

"Njia nyembamba haina nafasi ya watani. Anayetaka kuzikwa na kanisa azikwe kwa utulivu. Anayetaka vichekesho akazikwe na ulimwengu."

Maneno hayo ni yako. Uliyasema madhabahuni Jumapili iliyopita, ukayabandika mlangoni mwa kanisa, na mkeo akayapiga picha akanitumia. Simu umenikatia mara tatu. Sasa nakuandikia, na bahasha hii nampa dereva wa basi la Urambo mkononi akufikishie wewe mwenyewe, Mwinjilisti, kabla baba hajafa.

Umekosea, na nitakuonyesha ulipokosea. Bwana alisema mlango ni mwembamba na wanaouona ni wachache. Soma aliyoyasema kabla ya hapo: anawakemea watu wanaokagua macho ya ndugu zao wakati macho yao wenyewe yamejaa boriti. Soma aliyoyasema baada ya hapo: anatuonya kuhusu manabii waliovaa ngozi ya kondoo. Hao wote walikuwa watulivu sana, Gerson. Walivaa vizuri na kusali kwa sauti nzuri. Hakuna mahali alipomtaja mcheshi.

Wewe umekulia kwenye tumbaku, mimi nimelelewa na bibi hapa mjini, hatua chache kutoka ilikopita njia ya misafara. Bibi alinisimulia kwamba njia ile, pamoja na sifa zake zote, ilikuwa na upana wa unyayo. Watu mia tano walipita mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akitazama kisigino cha aliye mbele yake, mzigo begani. Mnyamwezi akifia njiani, ndugu zake wako mbali, aliyechimba kaburi alikuwa mtu wa pwani aliyekuwa nyuma yake. Alichimba huku akimtukana: "Mpagazi mvivu wewe, umetua mzigo kabla hatujafika." Akishamaliza kutukana, analia. Mzaramo akifa, Mnyamwezi anamfanyia vivyo hivyo. Utani wetu na ukoo wa Kuluthumu, Mzaramo fundi cherehani wa hapa mjini, ulianzia hapo, na wewe unautupa nje kwa jina la njia nyembamba. Unaijua njia nyembamba kuliko wapagazi?

Kisha nijibu hili. Lipi ni gumu zaidi: kusimama kaburini umevaa suti ukisikiliza wasifu tulioupamba wenyewe, au kusimama hapo mtani akisema mbele ya kijiji kizima yale tuliyoyafunika? Umechagua jepesi ukaliita gumu.

Najua sababu. Mwezi wa tisa unabarikiwa uchungaji, na Mzee Tobias na baraza lake la wazee hawapendi kelele. Lakini baba alimwambia Kuluthumu mbele yangu, siku ya Pasaka, "Usiponichekea kaburini nitafufuka nije nikuzomee." Hilo ni ombi la mtu anayekufa. Bandua karatasi yako.

Dada yako,
Yustina


Urambo, 11 Juni 2023

Dada Yustina,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimetoka kumnywesha baba uji. Wewe unaandika kuhusu baba, mimi namgeuza kitandani. Naomba ulikumbuke hilo unapoandika.

Sitabishana nawe kuhusu misafara. Umesoma kuliko mimi na ukishika kalamu hakuna anayebaki amesimama. Mimi nazungumzia kijiji hiki, ambacho hukukulia. Watu hapa wameshamcheka baba vya kutosha. Bani la usharika, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto, lilipoungua, na tumbaku ya msimu mzima ikiwa ndani yake, ile ambayo ingetupa mabati ya kanisa, walimkuta baba amekaa nje ananuka pombe na zamu ya moto ikiwa yake. Baraza likamfungia meza ya Bwana. Miaka kumi na miwili sasa anakaa benchi la nyuma. Watoto waliozaliwa baadaye wanamwita Babu Bani. Hata wewe ulimwandika kwenye jarida la walimu, "Walevi Wanaochoma Kanisa," bila kutaja jina, na hakuna aliyehitaji jina. Miaka miwili hukukanyaga hapa. Leo unataka mwanamke wa Tabora aje avae kofia yake na kuigiza ulevi wake juu ya jeneza?

Nimepigana kadiri nilivyoweza. Nimekwenda kwa Mzee Tobias kwa magoti. Baraza limekubali kwamba baba akitubu mbele ya mashahidi wawili, kitandani tu, atarudishwa mezani na atazikwa ndani ya uzio, ubavuni mwa mama. Asipotubu, ni nje, upande wa shamba. Sentensi moja tu, dada. Nimeiandika ili aisome. Anaitazama, kisha ananitazama mimi, anasema, "Sina la kutubu kuhusu bani." Nimemlilia. Ananipapasa kichwa kama mtoto.

Wewe anakusikia. Mwambie atubu. Na usimlete Kuluthumu. Nakuomba kwa heshima zote, usimlete.

Mdogo wako,
Gerson


Tabora, 15 Juni 2023

Gerson,

Kuhusu toba tuko pamoja, na unajua ni mara chache mimi nawe tukawa pamoja. Nimempigia baba kupitia simu ya mkeo. Nimemwambia kiburi hicho kitamtenganisha na mama hadi mwisho wa dunia. Nilimwambia kwa ukali, kama nilivyozoea. Alicheka akakohoa, akasema, "Yustina, ungekuwa hakimu ungefunga wengi wasio na hatia." Kisha akauliza kama mvua zilitosha Tabora, kana kwamba hajui kwamba huu ni kiangazi.

Mkaidi. Tumetoka kwake sote wawili.

Lakini Kuluthumu nitamleta. Mtu akinyimwa meza, akanyimwa na ubavu wa mkewe, hamwezi kumnyima na mtani. Ukimzuia langoni utanikuta nimesimama hapo hapo.

Yustina


Tabora, 2 Julai 2023

Mwanangu Gerson, mpagazi wangu,

Salamu nyingi. Anayekuandikia ni mimi Kuluthumu, mtani wako, na mwandiko huu ni wa mjukuu wangu kwa sababu macho yangu sasa yanaona uzi tu, herufi hayazioni. Yeye anaandika na kusahau. Nimemwapisha.

Nakupa pole ya msiba wa baba. Langoni pale sikupata nafasi ya kukupa pole, kwa kuwa Mzee Tobias alikuwa ametanua mikono kama anayezuia mbuzi. Dada yako alimpigia kelele mpaka sauti ikamkauka. Nikamshika nikamwambia, mama, nenda kamzike baba yako, mimi nimefika. Nikakaa chini ya ukuta wa kanisa. Niliona mlivyompitisha nje ya uzio. Niliona vijana wanne na jembe wakiwa na haraka, na wewe umesimama upande wa ndani na wazee, Biblia kifuani. Uzio ule ni waya mbili, Gerson. Mbuzi wanapita. Wewe hukupita.

Maisha yangu yote sijawahi kulia kwenye kaburi la Mnyamwezi. Siku ile nililia kimya, na wanawake wa kwenu wakaogopa kuniangalia. Walikuwa na sababu. Mtani akilia bila kutukana, maiti ameondoka bila kushushiwa mzigo wake.

Nataka nikwambie nilichokuwa nimekuja kufanya. Ningevaa kofia ya baba yako Benjamini. Ningelala pembeni mwa shimo nikakoroma. Wangenipa kuku, ada ya mtani, ili niamke, nisiamke. Mtu angepiga kelele, bani linaungua, nami ningegeuka upande wa pili na kusema, "Niacheni nilale, si zamu yangu."

Wote wangecheka isipokuwa mmoja, na huyo mmoja angechagua mwenyewe kucheka au kulia.

Ndiyo, najua. Baba yako aliniambia miaka saba iliyopita, ameketi mbele ya cherehani yangu akisubiri suruali. Mtani huambiwa, kwa sababu mtani hawezi kusema isipokuwa kwa mzaha, na mzaha hauna ushahidi. Alikuwa amebeba kitu kizito mno, akataka angalau mtu mmoja akishike upande mmoja apumzike kidogo. Sikumwambia mtu. Sitasema. Utani wangu ulikuwa na nafasi moja, na mliifukia.

Sasa kimebaki kwako.

Mtani wako,
Kuluthumu


Urambo, 9 Julai 2023

Dada,

Shikamoo. Ukishasoma barua hii, ichome.

Zamu ya moto ilikuwa yangu. Baba alishinda bani siku nne mfululizo, macho mekundu, nikamwambia akapumzike. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kulikuwa na harusi kwa kina Shigela, nikaenda nikanywa, nikarudi nimelewa, nikasukumia magogo makubwa matatu kwa pamoja ili nisihitaji kuamka. Wewe hujui tumbaku, lakini hata mtoto wa hapa anajua kwamba moto wa bani hulishwa kidogo kidogo. Nikalala mlangoni.

Alfajiri baba ndiye aliyeniburuta kunitoa. Paa lilikuwa tayari linadondoka. Watu wakasikika wanakuja wakikimbia. Alinitazama, akachukua kibuyu changu, akajimwagia pombe iliyobaki kifuani na mdomoni, baba ambaye hajawahi kunywa toka abatizwe. Akasema, "Nenda kwa mama yako ukalale. Januari unaenda chuo cha Biblia." Nikaenda. Dada, nilitii haraka sana. Hilo ndilo ninalolikumbuka kila siku, jinsi nilivyotii haraka.

Nilijiambia nitasema nikimaliza chuo. Kisha nikasema nikishaoa. Kisha mama akafa akiamini mume wake ni mlevi, na baada ya hapo nikaona hakuna tena wa kumwambia.

Ile sentensi ya toba niliiandika kwa mkono wangu nikampelekea aisome. Ningemfanya adanganye akiwa anakufa ili azikwe ninapotaka mimi. Hakukubali kudanganya, na hakukubali kunitaja.

Najua kalamu yako. Ninakuomba usiitumie. Baba alichagua kunyamaza, na nikisema sasa, nitakuwa nimeharibu sadaka yake. Huenda njia nyembamba yangu ni hii: kulibeba jambo hili kimya mpaka mwisho, niwe mchungaji mwema, nihudumie watu aliowahurumia. Nimeliomba hili nikafunga siku tatu. Niambie kama unaona vingine, lakini niambie mimi peke yangu.

Gerson


Tabora, 13 Julai 2023

Mdogo wangu,

Ndani ya bahasha hii utakuta barua yako. Sijaichoma na sijaitolea nakala. Nimeishika siku mbili na nakiri kwamba siku ya kwanza nilikaa mezani nikaandika kurasa sita za kuwapelekea wazee wako, kurasa bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Ningekushinda mchana kweupe. Nimezichana. Kukushinda wewe ni rahisi kwangu, na sasa naogopa kila lililo rahisi.

Kwanza nilipe langu. Nilimwandika baba jaridani. Nilimnyima miaka miwili ya kuniona. Wiki mbili kabla hajafa nilimfokea kwenye simu atubu dhambi ya mtu mwingine, naye akaniuliza habari za mvua. Makala ya kujikanusha nimeshaipeleka kwa mhariri leo, yenye jina langu na jina la baba. Nimeandika kwamba nilimhukumu mtu bila kumuuliza, na kwamba hakulewa. Nani alilewa sikuandika. Hilo si langu.

Sasa sikiliza. Unasema kunyamaza ni njia yako nyembamba. Gerson, kunyamaza ilikuwa njia ya baba. Yeye alinyamaza akapoteza meza, jina, mke, na kaburi. Wewe unanyamaza na unapata madhabahu, joho na nyumba ya mchungaji. Maneno ni yale yale na gharama haifanani hata kidogo. Ukitaka kujua njia ni nyembamba au pana, usiangalie imeandikwa nini mlangoni. Angalia nani analipa.

Nami nakuomba usimtukuze baba kupita kiasi ili upate pa kujificha. Alikupenda, na alikosea. Alikuondolea mzigo ambao ungekufanya mtu mzima ukiwa na miaka ishirini na miwili. Wangekufungia meza mwaka mmoja, ungelia, ungerudi. Badala yake una thelathini na nne na bado umelala mlangoni mwa lile bani. Unasema ukisema utaharibu sadaka yake. Sadaka hiyo alikutolea wewe upate maisha. Hakuitoa ili wazee wapate mtu wa kumtupa nje ya uzio.

Sitakusemea. Kuluthumu hatakusemea. Ulisimama upande wa ndani na wazee na sisi hatuwezi kukuvusha. Waya ni mbili tu, inua mguu. Ukinyamaza nitabaki dada yako, nitakuja Krismasi, nitakula kwako. Lakini sitakaa kanisani unapohubiri, na ukiniuliza sababu mbele za watu nitasema nakuachia wewe ujibu.

Dada yako,
Yustina


Urambo, 23 Julai 2023

Kwa Mzee Tobias, Mwenyekiti, na Baraza la Wazee wa Usharika

Wazee wangu,

Shikamooni. "Marehemu Benjamini alikataa njia ya toba, akajitenga mwenyewe na ushirika wa watakatifu." Ndivyo mlivyoandika kwenye daftari la usharika, na mimi kama katibu wa kikao nilitia sahihi chini yake. Sentensi hiyo ni uongo. Mliiandika bila kujua. Mimi nilitia sahihi nikijua.

Aliyelewa ni mimi. Aliyelala ni mimi. Nilisukumia magogo matatu kwa pamoja, na baba alijimwagia pombe yangu kifuani ili mnuse kwake. Barua niliyomwandikia dada yangu nimeiambatanisha, ina kila kitu. Yeye hakunisemea; alinirudishia barua niseme mwenyewe.

Najua mtakachosema, maana ningekisema mimi mwezi uliopita. Mtasema nisubiri, sherehe ya kubarikiwa imekaribia, wageni wameshaalikwa, kwaya imeshashona sare. Mtasema hili lizungumzwe ndani, kwa utulivu, kwa heshima ya kanisa. Wazee, utulivu huo ndio uliomzika baba yangu nje. Miaka yote hii nimewahubiria njia nyembamba, mkaitikia amina, na yupo mtu mmoja aliyekuwa akiipita kila Jumapili kutoka mlangoni hadi benchi la nyuma, sote tukimgeuzia kisogo. Sina mahubiri mengine ya kuwapa.

Wala sihitaji msamaha wa haraka. Mlimpa baba miaka kumi na miwili bila kumuuliza swali hata moja zaidi ya harufu ya shati. Nipimieni kwa kipimo hicho hicho, na msinipunguzie kwa sababu najua kuhubiri.

Haya ndiyo ninayoyataka kwenu, nayo si maombi. Barua hii isomwe Jumapili ijayo kwenye matangazo, neno kwa neno, na asome Mzee Tobias mwenyewe. Mkikataa, nitaisoma mimi langoni watu wakitoka, na sauti yangu mnaijua. Jumamosi inayofuata nitang'oa nguzo za uzio upande wa shamba na kuzisimika upya, kaburi la baba likiwa ndani. Mwenye kutaka kunizuia aje mchana. Siku hiyo hiyo tutaweka msalaba, na mama yangu Kuluthumu wa Tabora atakuja kama mtani wetu, atavaa anachotaka na kusema anachotaka, juu ya baba, juu yangu, na juu yenu, nanyi mtasimama hapo mpaka amalize. Futeni jina langu kwenye orodha ya watakaobarikiwa. Nifungieni meza ya Bwana.

Na wewe, Mzee Tobias, ulifungue daftari kabla ya kufika Jumapili, uikate ile sentensi mstari mmoja ili iendelee kusomeka, na chini yake uandike kwa mkono wako: Benjamini hakuwa na la kutubu.

Gerson Benjamini